Mnyororo wa kromosomu tisa ndani ya kirukanjia

Kirukanjia wengi humwita panya, na si panya. Chakula chake ni wadudu na nyungunyungu, na asipokula kwa saa chache tu hufa. Ndiyo maana kila mtego wa kumnasa kwa utafiti lazima uwekwe chakula na ukaguliwe mapema. Hili silifanyii mzaha hata kidogo.

Ninayemsoma mimi ni spishi moja ya kirukanjia, Sorex araneus, anayeishi kuanzia Uingereza hadi maeneo ya Ziwa Baikal, Siberia. Kwa macho wanafanana sana. Chini ya hadubini, hapana.

Kila mkono wa kromosomu zake (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) umepewa herufi: a ndio mkubwa kuliko yote, kisha unashuka hadi u. Mikono ni ileile kwa wote. Kinachobadilika ni upi umeungana na upi. Mikono 12, kuanzia g hadi r, inaweza kukaa peke yake au kuungana miwilimiwili kwenye sentromia, yaani kiungo cha kromosomu. Kwa hiyo mmoja utamkuta na kromosomu 20, mwingine 33, nao ni spishi moja. (Kwenye hiyo 33 imo ile moja ambayo dume anamzidi jike, maana ana kromosomu za kiume, Y, mbili.) Zimeshatambuliwa mbari zaidi ya 70 za namna hiyo, kila moja na miungano yake.

Sasa chukua mbari mbili zinazopakana Siberia. Ya Novosibirsk ina go (yaani g iliyoungana na o), hn, ik na mp. Ya Tomsk ina gk, hi na mn, huku o na p zikiwa peke yake. Chotara wao anapotengeneza mbegu za uzazi, kila mkono humtafuta pacha wake. Mkono o ulio peke yake hulala kando ya o ya go. G ya hiyo go huifuata g ya gk. K huifuata k ya ik, na kuendelea. Hebu andika kwenye karatasi:

o – go – gk – ki – ih – hn – nm – mp – p

Kromosomu tisa zimeshikana mnyororo mmoja! Ili mbegu iwe nzima, lazima zigawane kwa kupishana: ya kwanza huku, ya pili kule. Hesabu uone: tano za Tomsk zinakwenda upande mmoja, nne za Novosibirsk upande wa pili. Ikikosea hata moja, mbegu inazidi au inapungukiwa na mkono, na kiinitete hakifiki popote. Kati ya mbari za Moscow na Seliger mnyororo hufika 11.

Ungedhani chotara kama huyo ni tasa. Siyo. Vipimo vya jeni katika maeneo ya mchanganyiko vimeonyesha kwamba jeni zinaendelea kuvuka mpaka. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka kutangaza spishi mpya kwa kuangalia kariotipu, yaani mpangilio wa kromosomu, peke yake.

Karibu na Oxford, Uingereza, mtafiti Jeremy Searle alikuta jambo ninalolipenda zaidi. Mbari ya Oxford ina kq na no. Ya Hermitage ina ko, na n na q zimebaki peke yake. Chotara wao angekuwa na mnyororo wa tano. Lakini katikati ya eneo la mchanganyiko wamejaa virukanjia ambao k, q, n na o zao hazijaungana kabisa. Hao, wakizaa na mbari yoyote kati ya hizo mbili, watoto wao hupata vikundi vya kromosomu tatutatu tu, na vikundi hivyo hugawanyika karibu bila kosa.