Bodega ni nini, na uchague zipi kwa siku moja Rioja?

Ukienda Hispania kutafuta viwanda vya mvinyo, vibao vya barabarani vitakuonyesha neno moja: bodega. Lilianzia kwenye Kigiriki, likapitia Kilatini, na maana yake ya awali ni ghala tu. Aliyeishi New York analijua kwa maana nyingine, yaani duka dogo la mtaani lenye mikate, maziwa na sigara.

Kwenye nchi ya mvinyo, neno hili hubeba mambo mawili kwa pamoja. Bodega ni ghala lenyewe, mara nyingi chini ya ardhi, ambamo mvinyo hulazwa ukomae. Bodega pia ni ile nyumba ya biashara inayoutengeneza na kuweka jina lake kwenye chupa. Mgeni mwenye siku moja tu huvutwa kwa urahisi na jina au jengo. Mimi nasema aanze na ghala: aulize kuna nini huko chini, na kwa nini kiko pale.

Chukua Rioja, eneo la mvinyo kaskazini mwa Hispania, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kusini ya mji wa Bilbao. Humo zimo bodega za namna mbili zilizozaliwa na sababu tofauti, na safari nzuri huonja kila moja.

Za kwanza ziko mji wa Haro, kwenye mtaa unaoitwa Barrio de la Estación, mtaa wa stesheni. Reli ilifika hapo mwaka 1863. Miaka hiyohiyo mdudu mdogo aitwaye filoksera alianza kuiua mizabibu ya Ufaransa kwa kunyonya mizizi yake, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka mpaka kutafuta mvinyo. Basi ghala likajengwa pale ambapo pipa lingeweza kupakiwa kwenye behewa bila kuhangaika. Bodega ya López de Heredia ilianza mwaka 1877, CVNE 1879, La Rioja Alta 1890. Zote zipo hadi leo, na unatoka moja kwenda nyingine kwa miguu, dakika chache tu.

Bordeaux iliacha pia desturi ya pipa la mwaloni la lita 225, na ndilo linalofafanua maneno utakayoyaona kwenye chupa. Kwa mvinyo mwekundu wa Rioja, Crianza ni uliokomazwa angalau miaka 2, mmoja wake ndani ya pipa. Reserva ni miaka 3. Gran Reserva ni 5, na kati ya hiyo 2 au zaidi ni ya pipa. (Neno pipa, kama mvinyo, sisi tulilipata kwa Wareno.) Ikiwa utaingia bodega moja tu Haro, ingia yenye fundi wake wa mapipa, kama López de Heredia au Muga. Hapo utaelewa kwamba mbao hupashwa moto ili zikubali kupinda, na kwamba moto huo huo unaacha harufu itakayoingia kwenye mvinyo. Chini, kwenye mahandaki ya López de Heredia, utando wa buibui hauondolewi, kwa sababu buibui hula nondo wanaoharibu vizibo.

Za pili ni za cosechero, mkulima anayetengeneza mvinyo kwa zabibu za shamba lake mwenyewe. Nenda Laguardia, mji wenye kuta juu ya kilima, kama nusu saa kutoka Haro. Ardhi ya chini yake imetobolewa mapango ya mvinyo, nyumba hadi nyumba. Huko desturi ya zamani ni kutia vichala vizima vya zabibu ndani ya tangi vichachuke bila kukamuliwa kwanza. Unapatikana mvinyo mwepesi wenye ladha ya tunda, wa kunywewa ukiwa bado mchanga. Ukiuonja baada ya Gran Reserva ya Haro, utadhani umebadilisha nchi.

Yapo pia majengo ya wasanifu mashuhuri: lile la bodega ya Ysios, lililosanifiwa na Santiago Calatrava, hapo hapo Laguardia, na hoteli ambayo Frank Gehry aliisanifia bodega ya Marqués de Riscal, kwenye mji wa Elciego. Kwangu mimi, kuyatazama kutoka barabarani kunatosha.

Bodega mbili kwa siku ni kipimo kizuri, kwa kuwa kila ziara hula saa moja na nusu au zaidi. Weka nafasi mapema, hasa Septemba na Oktoba wakati wa mavuno, maana mkulima mdogo huwa shambani. Anayeendesha gari ateme mvinyo anaouonja kwenye chombo kilichowekwa mezani, hakuna atakayemshangaa. Jumapili mchana nyingi hufungwa. Saa nane hadi saa kumi watu wako mezani, nawe agiza mbavu ndogo za mwanakondoo zilizochomwa kwa vijiti vikavu vya mizabibu iliyopogolewa.