Je, shamba likikatwa ploti huacha kuwa shamba?

Kwa miaka mingi nilijibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Nilidhani savea akishapiga bikoni, yaani alama za mpaka, na kila mnunuzi akapata hati miliki yake, basi shamba limekwisha na mtaa umeanza. Kumbe nilikuwa nimechanganya mambo mawili.

Hapa Kenya, kugawa ardhi ni jambo moja na kubadili matumizi yake ni jingine. Kugawa hujibu swali la nani anamiliki kipi na mpaka uko wapi. Kata chapati vipande vinane: bado ni chapati, haijawa mandazi. Vivyo hivyo ekari ya kilimo kule Limuru au Kikuyu ikikatwa mara nane, kwenye makaratasi yaweza kubaki mashamba manane, madogo ajabu. Ukitaka kujenga vyumba vya kupangisha, utaomba kibali cha kaunti kubadili matumizi, chini ya sheria ya mipango ya 2019, na bango la notisi litasimama palepale ili jirani mwenye pingamizi aseme. Kugawa nako kuna vibali vyake, ikiwemo ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi katika maeneo yaliyo chini ya sheria ya 1967.

Mbona milango miwili? Ni kwa sababu ya mzigo. Shamba lilikuwa na familia moja, kisima kimoja na choo kimoja cha shimo. Weka ploti nane zenye wapangaji, kila moja na shimo lake la majitaka, na kisima ni kilekile. Udongo haujaongezeka hata koleo moja. Ramani ya savea inaonyesha mpaka. Haionyeshi maji machafu yatapita wapi chini yake.

Hata ile ploti inayouzwa kama "50 kwa 100", yaani futi 50 kwa futi 100, ina vituko. Ekari ni futi za mraba 43,560; gawa kwa 5,000, unapata nane na chenji. Ila barabara nayo inataka pa kulala. Chukua ekari ya mraba, futi 209 hivi kila upande, pitisha katikati barabara ya mita 9, karibu futi 30. Kila upande unabakiwa na kina cha futi 90 hivi. Ploti nane zimepatikana, na hakuna hata moja yenye futi 100.

Wapo wanaosema ploti ndizo zimepandisha bei ya sukuma wiki Nairobi. Huenda zimechangia, lakini mvua, bei ya mafuta na mabroka wa sokoni nao wamo, na kuwatenganisha si rahisi.

Pitia shamba lililouzwa ambalo wenyewe hawajajenga, utaona bikoni za zege, kila moja na chuma chake katikati, zimezungukwa na mistari ya sukuma. Mkulima aliyekodi hapo anapalilia akizikwepa kwa jembe. Kwa matumizi yaliyoandikishwa, huyo hajakosea lolote.