Raia wa kuzaliwa: ni nani hasa anayeweza kuwa rais wa Marekani?

Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa New York Novemba 2025, watu huku wakaanza kupanga safu, ooh kijana wa Kampala huyo, kesho kutwa yuko Ikulu. Hayuko. Kazaliwa Uganda 1991, uraia wa Marekani kaupata 2018 kwa kuomba, yaani tajnisi, na katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa, miaka isipungue 35 na awe ameishi nchini miaka 14. Umeya ruksa, ugavana ruksa (Schwarzenegger ni mzaliwa wa Austria na kaiongoza California toka 2003 hadi 2011), useneta ruksa ukishatimiza miaka 9 ya uraia. Urais na umakamu ndio umefungwa.

Sasa vurugu inaanzia hapo hapo kwenye "raia wa kuzaliwa", maana wazee waliokaa 1787 kuandika katiba hawakusema maana yake. Wanasheria wengi wanaichukulia hivi: mtu ambaye alikuwa raia tangu dakika anatoka tumboni, hakuhitaji kula kiapo baadae. Na kuna njia mbili. Ardhi, yaani umezaliwa ndani ya Marekani, hata kama wazazi ni wageni (watoto wa mabalozi hawamo). Hiyo inatoka marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868, na 1898 mahakama ya juu ikaikazia kwenye kesi ya Wong Kim Ark, mtoto wa Wachina aliyezaliwa San Francisco. Ya pili damu, umezaliwa nje ila mzazi ni raia. Hii ya damu ndio inaleta kelele. Seneta John McCain alizaliwa 1936 eneo la mfereji wa Panama, seneta mwenzake Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, 1970 kwa mama Mmarekani, wote waligombea urais. Seneti ikapitisha azimio 2008 kwamba McCain anafaa, lakini azimio sio hukumu, mahakama ya juu haijawahi kukaa ikaamua.

Tuje kwa Obama, aliyezushiwa kwamba kazaliwa Kenya na hivyo hafai urais, maana hapo hata sisi tulichangia kuchafua hewa. Kwetu mtu ukimuuliza kwenu wapi anataja kwa baba yake, kazaliwa Temeke lakini atakwambia Moshi na hajadanganya. Kwa hiyo Wakenya waliposema mtoto wa Kogelo (kijiji cha baba yake), kwao Siaya, walikuwa sahihi kabisa kwa Kiswahili chao, ila kule wenye nia zao wakaligeuza kuwa ushahidi kwamba kazaliwa Kenya.

Na kuna swali wengi hawajiulizi: kama mama yake ni Mmarekani wa Kansas, ya nini hao wazushi kung'ang'ania kwa udi na uvumba kwamba kazaliwa Mombasa? Si damu ingemtosha? Hapana, na hapa ndipo penye ujanja wenyewe. Kwa sheria ya wakati ule, mtoto akizaliwa nje na mzazi raia ni mmoja tu, huyo mzazi awe ameishi Marekani miaka 10, na mitano kati ya hiyo awe ameishi baada ya kutimiza 14. Piga hesabu, 14 na 5 ni 19, na Agosti 1961 mama Obama alikuwa na 18. Wazushi wangefanikiwa kuonyesha kazaliwa Mombasa tu basi njia ya damu imegoma.

Bahati mbaya kwao kazaliwa Honolulu, tarehe 4 Agosti 1961, magazeti mawili ya pale yakamtangaza mwezi huo huo, na cheti kirefu kikawekwa hadharani 27 Aprili 2011. Trump aliyeubeba huo uvumi miaka kadhaa alikuja kukubali Septemba 2016 kwamba Obama kazaliwa Marekani, kwa sentensi fupi tu. Ila kilichonichekesha mimi ni kile cheti feki cha Mombasa kilichozagaa 2009. Juu kimeandikwa Jamhuri ya Kenya, tarehe ya kutolewa Februari 1964, wakati Kenya imekuwa jamhuri 12 Desemba mwaka huo. Aliyekichonga kawahi miezi kumi, na sidhani kama alijua kwamba huo mwaka 1961 Mombasa kwenye makaratasi ilikuwa bado ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza anaiendesha tu.