Ufundishaji jumuishi ni nini, na mwalimu anasaidiwaje kuuanza?

Ufundishaji jumuishi ni namna ya kupanga na kuendesha somo ili kila mwanafunzi aliyemo darasani ajifunze: mwenye uoni hafifu, anayehangaika na silabi, anayemaliza zoezi kabla ya wenzake, na yule ambaye lugha ya kufundishia hakuisikia kabla ya kuanza shule. Wengi wakisikia neno hili hufikiria ulemavu peke yake. Ulemavu umo, tena una uzito wake, lakini dhana yenyewe ni pana zaidi.

Kumpokea mtoto darasani bado si kumjumuisha. Mwaka 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ikifafanua kifungu cha 24, kinachohusu elimu, cha Mkataba wa 2006 wa haki hizo, ilitofautisha hali nne. Kuna kumnyima mtoto elimu. Kuna kumsomesha mahali pa peke yake. Kuna kumweka katika shule ya kawaida kwa sharti kwamba ajirekebishe yeye. Na kuna kumjumuisha, ambapo shule ndiyo inayobadilika, kuanzia mtaala na mbinu hadi upimaji. Hali ya tatu ndiyo inayotudanganya zaidi, maana kwa nje haitofautiani na ya nne: mtoto yupo, dawati analo, jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio.

Mtazame mwalimu anayeeleza huku akiandika ubaoni. Mgongo wake umeelekea wanafunzi, sauti inagonga ubao. Mwenye usikivu hafifu, anayefuata kwa kutazama midomo, ameshaachwa, na hakuna aliyekusudia kumwacha. Mwalimu huyo akiandika kwanza, akageuka, ndipo akaeleza, amefanya ujumuishi bila kifaa chochote. Akisoma kwa sauti anachokiandika, amemsaidia na asiyeuona ubao.

Au tuchukue swali la darasani. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi nchini Marekani, aliona kwamba walimu wakishauliza swali walisubiri kwa wastani sekunde 1 hivi, kisha wakamtaja mwingine au wakajijibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 na zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde mbili zaidi za kimya! Mimi kila nikilikumbuka hilo nawafikiria watoto walioitwa wazito kwa sababu tu hawakupewa nafasi ya kufikiri.

Walimu wengi huingiwa na hofu kwamba ujumuishi maana yake ni kuandaa maandalio matano kwa kipindi kimoja. Hofu hiyo ina haki yake, hasa darasa likiwa limefurika. Lakini sivyo inavyotakiwa. Andalio ni moja, ila tangu mwanzo linaweka njia zaidi ya moja ya kupata maarifa na zaidi ya moja ya kuonyesha umeelewa. Sehemu za namba, kwa mfano: wanafunzi wakunje karatasi mara mbili, wapapase robo kwa vidole, waichore, ndipo waiandike kwa tarakimu. Anayeshindwa kuandika haraka aeleze kwa mdomo. Ni kama mteremko uliojengwa mlangoni kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Anayesukuma mkokoteni naye anapita hapohapo.

Ipo mipaka, na tusiifiche. Nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa ya wasioona, na lugha ya alama hazifundishwi kwa nia njema tu. Zinahitaji mwalimu mwenye utaalamu huo na vifaa vyake, na kumwachia mwalimu wa darasa jukumu hilo peke yake ni kumwonea yeye na mtoto.

Sasa, msaada kwa mwalimu. Semina ya siku moja humpa maneno mapya, lakini mazoea ya kufundisha hubadilika darasani kwake, somo kwa somo. Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni wenzake wawili watatu na badiliko moja kwa wakati mmoja. Wiki hii ni kusubiri baada ya swali, basi. Mwenzake akae nyuma na ramani ya viti, aweke alama kila mwanafunzi anapoulizwa au anapojibu. Hampi alama za ufaulu wala haandiki ripoti ya mkuu wa shule. Kipindi kikiisha wakae pamoja dakika kumi na karatasi ile, waangalie viti visivyo na alama hata moja, wataje majina ya wanaovikalia, na wakubaliane kipindi kijacho kianze na nani.