Mshipa wa Fahamu Haupitishi Damu

Kiswahili kina neno moja linalobeba mzigo wa maneno manne. Kinachopitisha damu ni mshipa. Kinachopeleka taarifa kutoka kwenye ubongo ni mshipa. Kano ya kisigino ikikaza, mshipa umekaza. Na mzee wa Pwani akikwambia ana mshipa, huenda anazungumzia ngiri. Wataalamu wamejaribu kututenganishia kwa kusema "neva", lakini mitaani mshipa ni mshipa, na ndani ya neno hilo dhana nyingi potofu zimejenga kiota.

"Uso umepinda kwa sababu damu haipiti"

Mtu amelala mzima, anaamka mdomo umekwenda upande. Chai inamvuja pembeni, jicho moja halifumbi. Shangazi mmoja anasema kapigwa kofi na jini, mwingine anasema ni upepo wa usiku, na anayejiona msomi kuliko wote anasema damu imeziba, akandwe kwa maji moto au aumikwe chuku shavuni.

Damu haihusiki hapo. Kutoka kwenye ubongo zinatoka jozi 12 za neva za fuvu, na ya saba ndiyo inayosogeza misuli ya uso: kucheka, kufumba macho, kupuliza moto wa kuni. Neva hiyo hupita kwenye tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba haina pa kutanukia, inabanwa, na nusu ya uso inalegea. Hali hii imepewa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji kutoka Uskoti aliyeandika kuhusu neva za uso mwaka 1821. Mara nyingi virusi ndivyo vinavyoshukiwa. Chuku shavuni haiwezi kufika ndani ya mfupa ule.

Wengi hupona ndani ya wiki au miezi kadhaa, na hapo ndipo mkandaji anapojizolea sifa zisizo zake. Dawa inayosaidia ni prednisoloni, na inafaa ianzwe ndani ya saa 72, yaani zile siku tatu ambazo familia nyingi huzimalizia kwenye kukanda. Kinachosahaulika zaidi ni jicho: lisipofumba linakauka na kioo chake kinaweza kupata kidonda. Matone ya kulainisha mchana, na usiku kope lifungwe kwa plasta laini.

"Basi ni kiharusi"

Inawezekana, ndiyo maana hospitali ni lazima. Ila kuna alama moja ambayo daktari huitazama mapema: humwambia mgonjwa anyanyue nyusi. Misuli ya paji la uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi kikiharibu upande mmoja, ule mwingine bado unatosha kulikunja paji. Lakini neva ya saba ikibanwa yenyewe, amri zote zinakwama njiani na paji linabaki laini kama la mtoto. Usiitumie alama hii kujipa ruhusa ya kubaki nyumbani; mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, kila dakika ina thamani. Na malengelenge yakitokea sikioni pamoja na uso kupinda, huenda ni mkanda wa jeshi umeingia kwenye neva hiyo hiyo.

"Maumivu ya taya ni jino tu"

Anayesogeza uso siye anayeuhisi. Hisia za uso ni kazi ya neva ya tano, na ikichokozeka huleta maumivu kama shoti ya umeme, ya sekunde chache, yanayoamshwa hata na kunawa uso au kupiga mswaki. Kuna watu wameng'olewa jino, kisha la pili, kisha la tatu, yote mazima. Dawa yake ya kwanza ni kabamazepini. Mgonjwa akisikia kwamba ni ya kifafa huitupa, akidhani kabandikwa ugonjwa usio wake.

"Neva za kichwa zinaishia kichwani"

Ya kumi haiishii huko. Jina lake la Kilatini, vagus, maana yake mzururaji, na kweli inazurura: shingoni, kwenye moyo, mapafu, tumbo la chakula, hadi sehemu kubwa ya utumbo. Ni mshika breki wa mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, ule usiongoja ruhusa yako kumeng'enya ugali.

Wengi hudhani ubongo ndio unaoamuru kila pigo la moyo. Moyo una kianzishi chake. Ukiachwa bila neva hupiga kama mara 100 kwa dakika. Ukipumzika na kupata mapigo 70, hiyo ni kazi ya mzururaji. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alichochea neva hiyo kwenye moyo wa chura hadi ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayaweka kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mwendo. Ikajulikana kuwa neva huzungumza kwa kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

"Aliyekunywa dawa ya shamba apewe maziwa"

Chura wa Loewi ana maana hasa vijijini kwetu. Dawa nyingi za kuua wadudu, za kundi la oganofosfati, huzuia kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini. Breki inanasa. Mate, machozi na jasho vinamwagika, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mtu anaharisha, moyo unapungua mwendo, kifua kinajaa ute. Maziwa hayaifungui breki hiyo, na mtu akitapika yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Anayejua kuifungua ni atropini, nayo iko hospitalini. Njiani mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi, maana sumu hii hupenya, huku nawe ukijikinga mikono. Beba na chupa yake.

"Mishipa imelegea"

Bango liko kwenye kila nguzo ya umeme, na namba ya simu chini. Kusimama kwa uume huanzia kwenye neva za mapumziko, za kundi lile lile la mzururaji, zinazotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ndiyo maana hofu na haraka huuharibu. Lakini mwanamume mwenye tatizo hili ambaye pia huona kizunguzungu akisimama, na miguu inamwaka usiku, hajarogwa na mke mwenza. Apimwe sukari. Kisukari huharibu vijishipa vya damu vinavyolisha neva, neva zinadhoofika kwa njaa, na hapo kwa mara moja yule anayesema "damu haipiti kwenye mshipa" anakaribia kuwa sahihi.