Gia isiyo duara haikupinda: dhana potofu kuhusu baiskeli kongwe za milimani

Miongoni mwa baiskeli za mitumba zinazofika Unguja na Pemba, mara moja moja hutokea baiskeli ya milimani ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990 yenye umbo ambalo mnunuzi hulitilia shaka. Wakati huo aina hii ya baiskeli ilikuwa bado changa, na watengenezaji walijaribu mambo mengi ambayo waliyaacha baada ya miaka michache. Kinachodhaniwa kuwa ni ubovu mara nyingine ni kazi ya makusudi.

Dhana ya kwanza ni kwamba gia ya mbele yenye umbo la yai imepinda, na kwa hiyo inyooshwe au itupwe. Gia hiyo huenda ni Biopace, ambayo Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, ilianza kuiuza mwaka 1983. Hata wanaolijua jina hilo hudhani kwamba upande wake mpana ndio unaofanya kazi pale pedali inapokuwa mbele na mguu unakanyaga kwa nguvu zote. Ukweli ni kinyume chake: hapo hutumika upande mwembamba, ili mguu upite kwa wepesi na kushika kasi, kisha kasi hiyo isaidie kuivusha krenki (chuma chenye mikono inayoshika pedali) juu na chini, mahali ambapo msukumo wa mguu ni mdogo. Gia za yai zinazouzwa siku hizi kwa kawaida huelekezwa vingine, kwa hiyo si haki kuihukumu moja kwa uzoefu wa nyingine.

Hapa fundi anahitaji uangalifu. Gia kubwa hufungwa kwa skurubu tano, na kati ya nafasi tano zinazowezekana ni moja tu iliyo sahihi. Akikosea, mpandaji atailaumu Biopace kwa kosa la mfungaji. Alama ya kufuata ni kipini kidogo kilichotokeza, ambacho hukaa nyuma ya mkono wa krenki na pia huzuia cheni isinase hapo. Ama hofu kwamba cheni italegea na kukaza kila mzunguko, imetiwa chumvi, kwani cheni hukumbatia karibu nusu ya gia wakati wote na urefu unaohitajika haubadiliki sana.

Dhana nyingine inahusu breki ya nyuma ya umbo la U iliyofungwa chini, karibu na krenki, ambayo watu husema iliwekwa huko ili ijikinge na uchafu. Sababu hasa ni kwamba mabomba ya nyuma ya chini ya fremu ni magumu kuliko yale ya juu, ambayo hutanuka breki inapobanwa. Kuhusu uchafu, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote, na atakayepita na breki hiyo katika njia za udongo za Pemba wakati wa masika ataelewa kwa nini iliachwa. Tena isidhaniwe kwamba breki ya kawaida itaingia mahali pake, kwa sababu vishikio vya breki ya U vimechomelewa kwenye fremu upande wa nje wa rimu, kuelekea tairi, si upande wa ndani kuelekea ekseli. Raba za breki ya U zikiisha hupanda na kuanza kula tairi, basi zirekebishwe mapema.

Fremu ambayo mabomba yake ya nyuma yanapita juu ya cheni, kama ya baiskeli ya Nishiki Alien, haikuchomelewa upya na mtu baada ya ajali. Ilikusudiwa kuzuia cheni isinase kwenye bomba na kuisogeza mbele tairi nene ya nyuma. Udhaifu wake ni wa kweli, kwani sehemu ya krenki huyumba na baadhi ya fremu hizo zilipasuka. Vilevile baiskeli ya Cannondale SM500 yenye gurudumu la inchi 24 nyuma na inchi 26 mbele ilitoka hivyo kiwandani.

Inabaki dhana kwamba kilichoachwa hakikuwa na maana. Springi ndogo kwenye nguzo ya kiti, iitwayo Hite-Rite, iliyobuniwa na Joe Breeze na Josh Angell mwaka 1984, si ya kupunguza mtikisiko; ilimwezesha mpandaji kushusha na kupandisha kiti bila kuteremka. Ilitoweka sokoni, lakini nguzo za kiti zinazoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani leo zinafanya kazi ile ile.