Kompyuta Ikikosea Habari Zako, Anzia Kwenye Chanzo

Wanaofika kwenye dawati letu siku hizi wana lalamiko moja: programu ya kompyuta imeulizwa habari zao ikajibu uongo, kwa mfano kwamba duka walilolifunga zamani bado ni lao. Wengi wanatutaka tuizime. Hatuna uwezo huo, na ni vyema mwananchi ajue kwanza uongo wenyewe huzaliwaje.

Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, timu ya Profesa Tom Mitchell iliwasha programu iitwayo NELL, isome kurasa za mtandao usiku na mchana na kuokota mambo ya kweli. Ilipewa mifano michache ya kila aina, kisha ikajitafutia. Tuseme umeiambia Tana na Omo ni mito. Inakuta "Omo humwaga maji katika Ziwa Turkana", inashika kwamba kinachotangulia "humwaga maji katika" ni mto. Itajua mito mingi hivyo. Lakini ikikuta "kiwanda kile humwaga maji katika ziwa", kiwanda nacho kimekuwa mto.

NELL iliteleza vivyo hivyo. Kwa Kiingereza, biskuti na zile faili ndogo za kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao) huitwa jina moja, "cookies". Ikaziweka faili hizo kwenye fungu la vitu vya kuoka, na kwa kuwa watu huandika kwamba wamezifuta, kila kinachofutwa kwenye kompyuta kikaanza kuonekana ni cha kuoka. Kufikia Oktoba mwaka huo ilikuwa na mambo yapatayo 390,000, takriban asilimia 87 yakiwa sahihi. Asilimia 13 iliyobaki, ikihusu mtu, humuumiza.

Programu za leo zimeundwa kwa namna nyingine, ila kinachorudiwarudiwa mtandaoni bado kina nafasi kubwa ya kuaminiwa. Ndiyo maana tunasisitiza chanzo.

Kwa Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kurekebishiwa data isiyo sahihi, iliyopitwa na wakati au inayopotosha. Mwandikie anayeishikilia, uambatishe ushahidi. Kanuni zinampa siku 14 kurekebisha. Asipotekeleza, lalamika kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Anayepuuza notisi ya utekelezaji, yaani amri ya Kamishna ya kurekebisha kosa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Tena tafadhali, tuache kusema "kikishawekwa mtandaoni ni cha kila mtu". Si kweli. Ulichokiweka hadharani mwenyewe kwa makusudi kinaweza kukusanywa, lakini wajibu wa usahihi unabaki kwa anayekitumia.

Picha ya skrini unayotuletea ionyeshe tarehe, anwani kamili ya ukurasa na swali uliloiuliza programu. Bila hivyo vitatu, afisa hana pa kuanzia.